Uchungu Haungoji Ruhusa

*Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazee wa mtaa, viongozi wa dini, waendeshaji bodaboda na wahamasishaji wa afya ya jamii, katika kikao cha wadi kuhusu afya ya uzazi.*

 

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi si daktari wala mkunga. Wauguzi wetu wako hapa, na maswali ya tiba watayajibu wao. Kazi yangu ni habari. Mtu wa habari, hata apewe takwimu nyingi namna gani, mwishowe hurudi kwenye maswali yale yale aliyofundishwa siku ya kwanza: nani, wapi, lini. Leo nataka tulishike hilo la mwisho, lini. Magonjwa yanayoua akina mama wajawazito yanajulikana na dawa zake zinajulikana. Mara nyingi mama hufa kwa sababu yeye na dawa hawakukutana kwa wakati.

Ndiyo maana tuliomba wanaume waje kwa wingi. Nashukuru kuona viti vya mbele vina kofia na kanzu, na vya nyuma vina jaketi za bodaboda. Wakati wa mama mjamzito, kwa sehemu kubwa, uko mikononi mwenu.

Tulikotoka

Februari 1987 kulifanyika mkutano wa kimataifa jijini Nairobi kuhusu uzazi salama. Hapo ndipo juhudi za dunia za kupunguza vifo vya uzazi zilipozinduliwa, hapa hapa kwetu Kenya. Wakati huo ilikadiriwa kwamba wanawake takriban 500,000 walikuwa wakifariki kila mwaka kwa sababu ya ujauzito na kujifungua. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa karibu 260,000. Hayo ni maendeleo. Lakini 260,000 kwa mwaka ni zaidi ya wanawake 700 kila siku. Zaidi ya asilimia 90 yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha chini-kati, na karibu asilimia 70 wako katika Afrika kusini mwa Sahara. Mzigo huu umetuangukia sisi.

Nchini mwetu, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha vifo 362 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Sensa ya 2019 ikapata 355. Lengo ambalo dunia imejiwekea ifikapo 2030 ni chini ya 70.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwezi Juni 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, na baadaye ukaja mpango wa Linda Mama. Akina mama wakaitikia. Mwaka 2014, waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 62. Katika utafiti wa 2022 walikuwa asilimia 89. Hii ni hatua kubwa ambayo wanawake wa Kenya wameipiga kwa miguu yao wenyewe, na ninyi wahamasishaji mliowafuata nyumba kwa nyumba mna sehemu yenu.

Lakini kuzalia hospitali peke yake hakumwokoi mama, na ushahidi upo. Wizara ya Afya ilipofanya uchunguzi wake wa kwanza wa siri kuhusu vifo vya uzazi, wataalamu walipitia faili za akina mama 484 waliofariki hospitalini mwaka 2014. Waligundua kwamba zaidi ya 9 kati ya 10 hawakupata huduma ya kiwango kinachotakiwa, na kwamba huduma tofauti ingeweza kubadili matokeo. Hawa hawakufia nyumbani wala porini. Walikuwa wamefika. Kwa hiyo tujiulize walifika lini na katika hali gani, na walipofika walihudumiwa baada ya muda gani.

Saa mbili tu

Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2025 unasema kuvuja damu husababisha asilimia 27 ya vifo vya uzazi duniani, na matatizo ya shinikizo la damu, pamoja na kifafa cha mimba, asilimia 16. Vingine hutokana na maambukizi, kutoa mimba kwa njia zisizo salama, uchungu wa muda mrefu mtoto asipoweza kupita, na magonjwa aliyokuwa nayo mama tangu awali.

Kifafa cha mimba na uchungu uliokwama mara nyingi humpa mama saa kadhaa, pengine siku. Damu haimpi. Mama mwenye afya njema anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili asipotibiwa.

Tuchukue mfano wa nyumba yoyote hapa kwetu na tupige hesabu. Damu inaanza saa nne usiku. Nusu saa ya kwanza inakwenda watu wakiulizana kama hii ni damu ya kawaida. Nusu saa ya pili inakwenda kumtafuta baba mwenye nyumba, ambaye yuko kazini Mombasa na simu yake haishiki. Robo saa ya kutafuta nauli. Robo saa nyingine ya kutafuta mwenye pikipiki. Sasa ni saa tano na nusu na mama hajatoka uani. Safari ni nusu saa. Anafika langoni saa sita usiku, na saa mbili zake zimekwisha. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa ngoja ngoja inaua.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba vifo vya uzazi katika nchi zinazoendelea hutokana na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Miaka zaidi ya 30 imepita na wataalamu bado wanatumia mpango huo, kwa sababu unatuambia jambo moja la maana: kila kuchelewa kuna mwenyewe. Basi tuwataje.

Kuchelewa kwa kwanza: nyumbani

Kuchelewa kwa kwanza ni kwetu sisi wa nyumbani, na kuna sababu nne.

Ya kwanza ni kutojua dalili. Damu yoyote wakati wa ujauzito, au damu inayolowesha nguo baada ya nguo baada ya kujifungua. Kichwa kinachouma sana, macho kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba. Degedege. Homa kali. Maji kuvunjika kabla ya siku zake. Mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni. Uchungu unaopitiliza usiku mzima. Dalili hizi ziko katika kijitabu cha mama na mtoto kinachotolewa kliniki. Kijitabu hicho hukaa kwenye mkoba wa mama, na ni yeye peke yake anayekisoma. Baba, kisome. Siku atakapoanguka degedege hataweza kukusomea.

Ya pili ni ruhusa. Katika nyumba nyingi mwanamke haondoki usiku bila mume kusema, na mume asipokuwepo neno ni la mama mkwe au la shemeji mkubwa. Sikuja hapa kuvunja heshima ya nyumba ya mtu. Nimekuja kuomba kwamba ruhusa itolewe mapema. Mimba ikifika miezi saba, kaa na mkeo, mwite mama yako, mwite jirani mmoja, useme mbele yao: jambo lolote likitokea, apelekwe hospitali mara moja, awe ni nani anayempeleka, niwe nimepatikana au sijapatikana. Maneno hayo huchukua dakika moja. Yasiposemwa, ile nusu saa ya kukutafuta kwenye simu inatoka kwenye saa mbili za mkeo.

Masheikh na wachungaji, watu wanawasikiliza ninyi kuliko wanavyosikiliza redio. Sheria ya dini inaijua dharura. Lisemeni hilo msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili. Na akina mama wanaoona haya kuhudumiwa na mwanamume, waelezeni kwamba wanaweza kuomba muuguzi mwanamke wanapohudhuria kliniki, lakini damu ikishaanza kumwagika, anayejua kuizuia ndiye anayetakiwa.

Ya tatu ni pesa. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na huduma za uzazi sasa zinapitia huko. Kujisajili kunafanyika kwa simu yoyote kwa kubonyeza *147#, na wahamasishaji wetu wanasaidia asiyejua. Hakikisha mkeo amesajiliwa na mambo ya mchango wenu yako sawa mapema, mara tu mimba inapojulikana. Suala la malipo lisianze kujadiliwa kwenye dirisha la hospitali saa saba za usiku. Na akina mama wenye vyama, wekeni kando fungu dogo la nauli ya mzazi. Tunachangia arusi na matanga; na uzazi tuuchangie.

Ya nne ni hofu, na hii lazima niiseme ingawa mimi ni msemaji wa serikali. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 vya afya nchini na kuchapishwa mwaka 2015 uligundua kwamba mwanamke 1 kati ya 5 alisema alidhalilishwa au kukosewa heshima wakati wa kujifungua. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba ni kinyume cha sheria hospitali kumzuilia mama aliyejifungua kwa sababu hana pesa za kulipa. Mambo haya yakitokea kwa mama mmoja, habari husafiri kisimani, sokoni na shambani. Mama wa pili akisikia, atangoja. Akingoja, muda umekwenda. Kwa hiyo lugha chafu katika wodi ya wazazi inaua hata ambao hawajafika wodini.

Nao wakunga wa jadi, nyanya zetu waliotuzalisha wengi tulioketi hapa, hatuwafukuzi. Mama anawaamini. Tunawaomba wawe wasindikizaji: wa kwanza kugundua hatari, wa kwanza kusema twende, na wa kumshika mama mkono hadi mlangoni.

Kuchelewa kwa pili: njiani

Hapa nawageukia vijana wa bodaboda. Ambulensi za kaunti zipo, lakini wadi zetu ni pana, na msimu wa masika mito hufurika na barabara za murram hukatika. Mara nyingi anayefika kwanza mlangoni ni ninyi.

Majirani zetu Tanzania wana mpango unaoitwa m-mama ambao umeenea nchi nzima. Mama au mhudumu anapiga nambari 115 bila malipo. Mpokeaji wa simu anatazama kama ambulensi iko karibu. Kama haiko, anamtuma dereva wa kawaida wa kijijini aliyesajiliwa na kufundishwa, na dereva huyo analipwa na mpango, wala mama haulizwi nauli. Ni jambo la orodha na simu tu. Kila stejini pakiwa na majina ya waendeshaji wawili wa zamu ya usiku, na majina hayo akiwa nayo mhamasishaji wa afya wa kijiji, tumeshapata nusu ya mpango huo bila kungoja mtu.

Lakini niseme pia pikipiki haiwezi. Mama aliyezimia, mama mwenye degedege, mama ambaye mtoto ametanguliza mkono, hawafai kupakatwa kwenye pikipiki. Huyo anahitaji gari na mtu wa kumtazama. Mwendeshaji akiona hali hiyo, ampigie mhamasishaji aite ambulensi, naye atafute gari lililo karibu.

Na wale wanaokaa mbali kabisa wasingoje uchungu. Katika kaunti kadhaa za kaskazini mwa nchi, zikiwemo Samburu na West Pokot, kuna nyumba za kusubiria karibu na vituo vya afya, ambako mama mwenye mimba ya hatari au anayetoka mbali huja siku chache kabla ya kujifungua. Kwetu, mwenye shangazi au dada mjini karibu na hospitali na amwombe malazi ya wiki mbili. Ni mila yetu ya siku zote mwanamke kwenda kujifungulia kwao. Tuitumie mila hiyo vizuri: aende ambako hospitali iko karibu.

Kuchelewa kwa tatu: ndani ya lango

Hapa mwenyewe ni sisi, serikali. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi, na inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeweka hospitali za kaunti, zahanati na ambulensi chini ya kaunti. Hatuna wa kumsukumia.

Mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma kwa takriban miezi mitano. Mimba hazikugoma. Waliokuwa na pesa walikwenda hospitali za binafsi, na wasiokuwa nazo mnajua walikwenda wapi. Mishahara inayochelewa, zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja, jenereta lisilo na mafuta: mambo haya huandikwa kwenye bajeti kama mambo ya utawala, lakini kwa mama anayevuja damu ni mambo ya dakika.

Zipo pia habari njema. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 210,000. Wauguzi walifundishwa kuweka chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko uliowekwa vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Mara tu damu ikifika kiwango cha hatari, wanafanya mambo yote kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuubana, dawa ya kuzuia damu, maji ya mshipani, na kutafuta chanzo. Katika hospitali zilizofuata utaratibu huo, kuvuja damu nyingi, upasuaji wa kuokoa maisha na vifo kutokana na kuvuja damu, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Mashine za mamilioni hazikuhitajika. Walihitaji plastiki yenye vipimo, dawa iliyo tayari na muuguzi anayejua la kufanya bila kungoja.

Dawa hiyo ya kubana mji wa mimba, oksitosini, huhifadhiwa kwenye friji. Friji ikikaa bila umeme, dawa inapoteza nguvu, na hata muuguzi mwenye bidii atachoma sindano isiyofanya kazi. Kwa hiyo siku ya kikao cha umma kuhusu bajeti ya kaunti, msiulize barabara peke yake. Ulizeni: friji ya zahanati yetu inafanya kazi? Usiku kuna muuguzi? Ambulensi ya wadi yetu ilikaa siku ngapi bila mafuta? Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za vituo inaruhusu hospitali na zahanati za umma kubaki na mapato yake na kuyatumia. Kamati ya kituo chenu ina wawakilishi wenu. Waulizeni zimetumika vipi.

Na jambo la mwisho katika hili ni damu yenyewe. Damu ya kumwongezea mama haitengenezwi kiwandani. Inatoka kwenye mkono wa mtu. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hushuka. Wanaume wenye afya mliopo hapa, mnaweza kuchangia damu kila baada ya miezi mitatu. Msingoje awe mke wenu.

Kabla ya mimba

Mpaka hapa tumesema juu ya saa mbili. Lakini nguvu ya mama ya kuzivuka saa hizo hujengwa miaka mingi kabla.

Hujengwa shuleni. Utafiti wa 2022 unaonyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kupata mimba. Kati ya wasiosoma kabisa, ni karibu 4 kati ya 10. Kati ya waliopita kidato cha nne, ni 5 kati ya 100. Samburu ni nusu nzima ya wasichana wa umri huo, Nyeri na Nyandarua ni asilimia 5. Katiba ni ile ile, serikali ya kitaifa ni ile ile. Nyonga ya msichana wa miaka 15 haijakomaa, na hapo ndipo uchungu hukwama na fistula hupatikana. Wazee wa mtaa, kesi ya mimba ya mtoto haimalizwi chini ya mwembe kwa mbuzi wawili. Ni kesi ya polisi, na msichana ana haki ya kurudi darasani.

Ukeketaji nao, uliopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, humzidishia mwanamke hatari ya kuchanika na kuvuja damu anapojifungua. Umeshuka kutoka asilimia 21 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022. Uendelee kushuka hadi usiwepo.

Nguvu hiyo hujengwa jikoni pia. Zaidi ya theluthi moja ya wajawazito duniani wana upungufu wa damu. Mama wa namna hiyo akimwaga damu ambayo mwingine angeivumilia, yeye huzimia. Vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki vimezwe, neti ilaliwe, na sahani ya mama iwe na kunde, mchicha na dagaa kabla mwenye nyumba hajachagua vinono.

Na hujengwa kwa nafasi. Wataalamu wanashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Nchini, asilimia 57 ya wanawake walioolewa wanatumia njia za kisasa za kupanga uzazi, na asilimia 14 wangependa kuzuia au kuchelewesha mimba lakini hawatumii njia yoyote. Baba, huyo wa 14 huenda yuko nyumbani kwako na anangoja wewe ulianzishe neno.

Inawezekana

Yuko atakayesema sisi ni maskini, haya ni ya nchi tajiri. Tutazame Rwanda. Mwaka 2000, baada ya yote waliyoyapitia, walikuwa na vifo 1,071 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Utafiti wao wa 2019 na 2020 ulipata 203. Hawakuchimba mafuta wala dhahabu ya kuwatajirisha. Waliwaingiza wananchi kwenye bima ya afya ya jamii, wakaweka katika kila kijiji mhudumu wa kufuatilia wajawazito mmoja mmoja, na kifo cha mama kikawa jambo la kuulizwa na kujibiwa.

Kenya sasa tunao wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000, na baadhi yao mmeketi nao hapa. Tunawaomba wahesabu mimba zote za kijiji. Na kifo cha mama kikitokea, kiripotiwe ndani ya saa 24 hata kama alifia nyumbani. Hatutaki kumfunga mtu. Tunataka kujua dakika zilipotelea wapi.

Kwa hiyo kabla ya Jumapili ijayo naomba mambo manne. Kila mume mwenye mke mjamzito atoe ile ruhusa mbele ya mashahidi. Kila steji ya bodaboda ipeleke majina mawili kwa mhamasishaji. Kila msikiti na kila kanisa uzisome dalili za hatari mara moja. Na kila mmoja wenu, kikao cha bajeti kikiitishwa, aje na swali lake la friji, la muuguzi wa usiku na la mafuta ya ambulensi. Hilo la nne litatupa sisi wa kaunti shida kidogo, nami nitakuwa pale na kalamu nikiandika majibu yatakayotolewa, na yatachapishwa katika jarida hili.

Sasa niwapishe wauguzi wajibu maswali yenu.